Neno "mansuetude": upole wa mnyama aliyeuzoea mkono

Mzamiakamusi:

Wakuu, heshima kwenu.

Shuleni tulipewa maneno matatu manne ya Kiingereza ya kumwelezea mtu mpole: gentle, kind, meek, mild. Leo naleta jingine ambalo hata Waingereza wengi ukilitamka mbele yao watakuuliza maana yake. Ni "mansuetude". Mkazo uko mwanzoni, kama MAN-swi-tyud. Maana yake ni upole, utulivu wa mtu asiyewaka ovyo. Siku hizi utalikuta zaidi kwenye maandishi ya Kikatoliki au kwa waandishi wanaopenda maneno ya zamani. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana ndani ya neno hili kuna mambo yanayostahili kukaliwa kitako.

Tulipasue kwanza. Kwa Kilatini "manus" ni mkono, na "suescere" ni kuzoea. Yakiungana yanazaa "mansuescere", kuuzoea mkono, na yule aliyekwisha kuuzoea huitwa "mansuetus". Picha ni ya zizini: mnyama ambaye jana ukimnyoshea mkono alikimbia au alikung'ata, leo anatulia unapomgusa. Hali yake hiyo ndiyo "mansuetudo". Wafaransa wa kale walilichukua hivyo hivyo, likavuka bahari hadi Uingereza katika karne ya 14. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, analitumia katika hadithi yake ya Paroko: dawa ya hasira, anasema, ni fadhila watu waiitayo mansuetude. Na papo hapo anaongeza neno jingine la kulifafanua.

Sasa liwekeni karibu na wenzake, hapo ndipo utamu ulipo.

"Gentle" limetoka kwa "gens", yaani ukoo. Mtu "gentil" kwa Kifaransa cha kale alikuwa mwana wa watu, aliyezaliwa nyumba yenye jina. Lilipoingia Kiingereza lilikuwa na maana hiyo hiyo ya damu na nasaba, ndiyo maana tuna "gentleman". Maana ya ulaini na upole ilikuja kukomaa baadaye, kwenye karne ya 16. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza walipoasi, padri John Ball aliwahubiria kwa swali lililobaki hadi leo: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, ni nani wakati ule aliyekuwa gentleman? Hakuuliza nani alikuwa mpole. Aliuliza nani alikuwa bwana.

"Kind" nalo ni la jamaa. Ni ndugu wa "kin", watu wa ukoo mmoja. Kumtendea mtu kwa "kindness" asili yake ni kumtendea kama mtu wenu.

"Meek" lililetwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza. Kwao "mjúkr" ilikuwa laini, kitu kinachopindika bila kuvunjika. "Mild" liko jirani na hapo hapo kwenye ulaini.

Kwa hiyo mawili ya kwanza yanauweka upole kwenye damu: umezaliwa nao kwa sababu ya nyumba uliyotoka. Mawili yanayofuata yanauweka kwenye mwili: wewe ni laini. Mansuetude linasema jambo tofauti kabisa. Linasema huyu alikuwa mkali. Meno anayo, makucha anayo, nguvu hazijapungua hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba amezoea, na kuzoea hakuji kwa siku moja.

Hii ndiyo sababu ya kuleta uzi. Nimechoshwa na tabia ya kumwona mtu mpole kuwa mnyonge, zoba, asiyejiweza. Ukisoma mwanafalsafa Mgiriki Aristotle katika kitabu chake cha maadili, upole, ambao waliomfasiri kwa Kilatini waliuita mansuetudo, umekaa katikati ya watu wawili: mwenye hasira za karibu, na yule asiyekasirika hata pale inapompasa. Huyo wa pili hamsifu. Anasema ni kama mpumbavu. Na wenzangu mnaosoma Biblia mnalijua andiko la Hesabu 12:3, kwamba Musa alikuwa mpole sana kuliko wanadamu wote. Ni Musa huyu huyu aliyempiga Mmisri akafa, na aliyezitupa zile mbao za mawe chini ya mlima zikavunjika alipoiona ndama ya dhahabu.

Jambo la mwisho kwa sasa. Mnamjua mbwa mastiff, lile jibwa zito la ulinzi lenye kichwa kama ndoo? Jina lake limetoka Kifaransa cha kale "mastin", nalo linarudi kwa "mansuetus" huyu huyu. Yaani mbwa ambaye watu wanamwogopa getini, jina lake linamaanisha aliyefugwa, aliyezoea mkono. Hakuna mfano bora zaidi ya huo.

Karibuni.

---

Ukindu:

Mkuu, umeandika vizuri sana. Ila nashangaa umezunguka Roma na Skandinavia bila kugusa neno letu wenyewe, na lina historia ya kutosha.

"Pole" ni la ukoo wa "poa". Asili ya poa kulikuwa na L katikati, pola, na kwenye Kiswahili ikadondoka. Lugha za ndugu zetu bado wanayo au wameigeuza kidogo tu. Mganda anasema "mpola mpola" kama sisi tunavyosema polepole. Mkikuyu anasema "kahora", Mnyarwanda "buhoro buhoro". Shuka hadi kwa Wazulu, "phola" ni kupoa. Kwa Wabemba "pola" ni kupona.

Maana yake ni kwamba Wabantu waliutazama upole wakaona moto uliotulia. Ndiyo sababu hasira hupanda kisha zikapoa, uji wa moto unapozwa, na mfiwa anapewa pole, kana kwamba unampepea. Ukimwita mtu mpole kwa Kiswahili, unazungumzia joto lake. Kwetu hakuna mkono wa mtu mwingine hapo.

Kwa hiyo hoja yako kwamba upole si udhaifu, Kiswahili kinakuunga mkono. Kilichopoa ni kile kilichokuwa cha moto. Jiwe baridi hatulisemi limepoa.

---

Mzamiakamusi:

Ukindu, nimekusoma, na umenipa kitu sikuwa nimekiweka pamoja namna hiyo. Hilo la jiwe nalichukua.

Tofauti ninayoiona ni moja. Uji unapoa wenyewe ukiuacha. Mnyama ukimwacha hazoei, anabaki mwitu. Kilatini kinadai kazi, kinadai mtu anayerudi kila siku na majani mkononi. Nadhani tunahitaji picha zote mbili, maana kuna hasira za kuachiwa muda na kuna tabia za kufundishwa.

---

Mwana wa Mtoni:

Mimi napinga, kwa heshima.

Mnasifu mkono bila kuutazama vizuri. Mkono huo wa Kilatini ndio huo huo wa utawala. Katika sheria ya Roma mwanamke aliyeolewa kwa ndoa ya namna fulani alisemwa yuko "in manu", mkononi mwa mume. Kumwachia mtumwa huru kuliitwa "manumissio", kumtoa mkononi. "Emancipate" nalo ndani yake mna mkono unaokamata. Sisi wenyewe tunasema fulani yuko mikononi mwa polisi, na hakuna anayedhani anabembelezwa.

Watawala wa Roma ya mwisho walifikia kujiita kwa heshima "mansuetudo nostra", upole wetu, wakati wanatoa amri za kuadhibu. Mnyama aliyeuzoea mkono amezoea pia kamba. Pwani yetu ilijua mikono ya namna hiyo hadi soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873, na hata baada ya hapo. Nikiambiwa upole ni kuuzoea mkono, swali langu la kwanza ni: mkono wa nani?

---

Mzamiakamusi:

Hoja nzito, na swali lako ni la haki. Sitalikwepa.

Mkono wa utawala upo katika familia hiyo ya maneno, kweli. Lakini angalia Warumi wenyewe walivyolitumia "mansuetus" pale walipotaka kuwa makini. Katika kitabu cha sheria alichotoa mfalme Justinian mwaka 533 kuna sehemu ya wanyama wasio na fensi: nyuki, njiwa, tausi, na paa wa aina ya kulungu. Inasema baadhi ya watu wana kulungu "mansuetos" kiasi kwamba huenda msituni na kurudi wenyewe, ingawa hakuna anayekataa kuwa kwa asili ni wa mwitu. Kulungu huyo ni wako kwa muda gani? Kwa muda ule anaoendelea kuwa na nia ya kurudi. Akiacha mazoea ya kurudi, si wako tena, ni wa yeyote atakayemkamata.

Soma hapo tena. Hakuna kamba. Lango liko wazi, msitu uko pale. Kinachomrudisha ni mazoea yake, na akiamua kutorudi sheria inasema basi.

Jambo hili linaonekana Kenya hadi leo. Taasisi ya Sheldrick, iliyoanzishwa mwaka 1977, inalea watoto yatima wa tembo Nairobi. Walezi wanawanywesha maziwa kwa chupa na kulala nao usiku. Wakikua wanapelekwa Tsavo, na taratibu wanajiunga na tembo wa porini. Miaka inapita, wengine wanarudi kwenye kituo cha Ithumba wakiwa na watoto wao waliozaliwa porini, kisha wanaondoka zao. Hao wameuzoea mkono ambao haukuwashika.

Kwa hiyo jibu langu kwa "mkono wa nani" ni hili: mkono unaoweza kuuacha ukaenda. Ukiwa wa kukushika, Kilatini kina maneno mengine ya hilo, likiwemo "mancipium" ambalo ndilo lenye kukamata ndani yake.

---

Mwana wa Mtoni:

Kwa kulungu umenisogeza. Kwa mfalme anayejiita upole bado niko palepale.

---

Wakili Mchanga:

Naongeza la fani yangu, maana neno hili kwetu halijafa hata kidogo.

Ukisoma sheria ya madhara (tort) katika vyuo vya Afrika Mashariki utakutana na makundi mawili ya wanyama: "ferae naturae", wenye asili ya ukali, na "mansuetae naturae", wenye asili ya upole. Tumeyarithi kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza (common law). Kenya inaipokea sheria hiyo kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika tarehe 22 Julai 1920. Tofauti ya makundi haya si ya maneno matupu. Mnyama wako wa kundi la kwanza akimdhuru mtu, unawajibika hata kama hukuwa na kosa lolote. Wa kundi la pili, mdai alipaswa kuonyesha kwamba ulijua mnyama wako huyo ana tabia mbaya.

Mwaka 1940 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya McQuaker dhidi ya Goddard. Mtu alikwenda bustani ya wanyama ya Chessington, akamlisha ngamia tofaa, ngamia akamng'ata mkono. Je, ngamia ni mkali au mpole kisheria? Mahakama ilisema ngamia ni mnyama wa kufugwa, kwa sababu kokote duniani anaishi na watu. Ndugu zetu wa Marsabit na Garissa wangewaambia hivyo bila wakili. Mdai alishindwa.

Mwaka 1957 ikaja ya tembo wa sarakasi, Behrens dhidi ya Bertram Mills. Tembo yule alitoka Burma, amefunzwa, mtulivu. Mbwa mdogo akambwekea, tembo akashtuka akamfukuza, watu wakaumia. Jaji Devlin alisema utulivu wa tembo huyu mmoja haubadilishi kundi lake. Tembo ni ferae naturae, mwenye sarakasi alipe.

Ndiyo maana naona Mzamiakamusi ana haki kwa nusu. Kwa lugha, yule tembo alikuwa mansuetus kabisa, ameuzoea mkono. Kwa sheria, alibaki wa mwitu. Sheria haikuamini mazoea ya mmoja mmoja, iliangalia jamii yote ya mnyama. Uingereza yenyewe ilibadilisha kanuni hizi kwa sheria ya mwaka 1971.

---

Mzamiakamusi:

Wakili, ahsante sana. Hapo "mansuetae naturae" imefika mahali pa ajabu: kuzoea, ambako ni jambo la mnyama mmoja na mlezi wake, kumegeuzwa kuwa asili ya kuzaliwa nayo. Kulungu wa Justinian alikuwa mpole huku asili yake ikiwa ya mwitu. Waingereza waliyaunganisha mawili ambayo Mrumi aliyatenganisha, na binafsi naona Mrumi alikuwa sahihi zaidi.

---

Mama Chingwele:

Nawasalimu. Mimi nimeishi Msumbiji miaka mingi, na Kireno bado kinatumia neno hilo kila siku kwa umbo la "manso". Ng'ombe manso ni asiyepiga pembe. Maji mansa ni yaliyotulia. Kinyume chake ni "bravo", mkali.

Na hili litawagusa wapishi. Wabrazili wanagawa muhogo mara mbili: "mandioca mansa" na "mandioca brava". Mansa ni muhogo mtamu, unaumenya, unauchemsha, unakula. Brava ni muhogo mchungu wenye sumu ya sayanidi, ambao lazima uloweke au ukwangue, ukamue na kuukausha kabla haujaingia jikoni. Muhogo wenyewe Wareno ndio waliouleta Afrika kutoka kule. Kwa hiyo upole kwao umefika hadi kwenye mizizi ya shambani. Sisi tukasema mtamu na mchungu, tukautaja kwa ulimi. Wao wameutaja kama mbwa, huyu mpole huyu mkali.

---

Ukindu:

Mama, shikamoo. Na kwetu "kali" inafanya kazi hiyo upande wa pili: mbwa mkali, pilipili kali, jua kali, mwalimu mkali, kisu kikali. Lakini upole hatuupi kisu wala pilipili.

---

Mama Chingwele:

Marahaba mwanangu. Ni kweli, pilipili isiyowasha hatusemi mpole.

---

Msomi wa Jioni:

Mkuu Mzamiakamusi, naomba unisaidie kutofautisha. Mansuetude, clemency, leniency: kamusi zinayapa yote maana ya upole na huruma. Najiandaa kwa mtihani na nachanganyikiwa.

Pia, kama neno ni zuri kiasi hiki, lilikufaje?

---

Mzamiakamusi:

Naanza na swali la kwanza. Mwanateolojia Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alilitenga jambo hili vizuri kuliko kamusi nyingi. Mansuetudo inatawala hasira yenyewe iliyo ndani ya mtu. Clementia inapunguza adhabu ambayo mtu anaitoa nje. Kwa hiyo mtu yeyote, hata asiye na cheo, anaweza kuwa na mansuetude. Clemency inahitaji kwanza uwe na fimbo. Ndiyo maana mwanafalsafa Seneca alimwandikia Nero, mfalme wa Roma, kuhusu clementia, mnamo mwaka 55 au 56, maana Nero alikuwa na uwezo wa kuua. Tanzania jambo hilo liko Ibara ya 45 ya Katiba, msamaha wa Rais, na Kenya Ibara ya 133. Hapo Kiingereza sahihi ni clemency.

Leniency limetoka kwa "lenis", laini. Ni kulegeza masharti: mwalimu anayesahihisha kwa mkono mwepesi, hakimu anayetoa kifungo kifupi. Linaweza kuwa sifa, linaweza kuwa lawama. Mansuetude halitumiki kwa lawama.

Swali la pili. Nadhani Biblia ina sehemu kubwa. Katika Biblia ya Kilatini neno lipo mahali pa heshima. Zaburi ya 37 mstari wa 11, wenye upole watakaoirithi nchi ni "mansueti". Wagalatia 5:23, kwenye tunda la Roho, pale sisi tunaposoma "upole, kiasi", Kilatini kina mansuetudo. Lakini William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1526 alitaka maneno ya mtu wa plau, akachukua "meek". Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikafuata njia hiyo. Waingereza wakasikia meek na meekness kanisani kila Jumapili, vizazi kwa vizazi, na mansuetude likabaki kwa waliosoma Kilatini. Neno lisilosikiwa na watoto halina maisha marefu.

Na hapo kuna hasara. Meek kwa Kiingereza cha leo limeshuka thamani, likisemwa mtu anaelewa mnyonge, anayekubali kila kitu. Ulaini wa mjúkr umelivuta chini. Lingebaki lile la mkono, huenda wahubiri wasingelazimika kueleza kila mwaka kwamba upole si unyonge.

Kwenye mtihani: likija swali la maana, andika upole au utulivu wa tabia. Kwenye insha ya kawaida usilitumie, msahihishaji ataona unajikweza. Kwenye maandishi ya dini au falsafa liko nyumbani kwake.

---

Msomi wa Jioni:

Ahsante mkuu. Moja la mwisho. Punda milia je? Naye tunasema hafugiki. Anaweza kuitwa mansuetus?

---

Mzamiakamusi:

Swali zuri, na linakamilisha alilosema Wakili.

Kuna kufuga na kuna kuzoeza. Kufuga kwa Kiingereza ni "domesticate", kutoka "domus", nyumba: jamii ya mnyama inabadilika kizazi baada ya kizazi hadi ndama anazaliwa akiwa tayari wa kwenu. Urusi, kuanzia mwaka 1959, Dmitry Belyaev na Lyudmila Trut walifanya hivyo kwa mbweha huko Novosibirsk. Kila kizazi walizalisha wale tu waliokuwa watulivu zaidi mbele ya watu, na baada ya vizazi vichache walipata mbweha wanaotikisa mkia wakimwona mtu. Huko mkono haukufundisha kitu, ulichagua wazazi.

Punda milia hajapitia hilo. Anang'ata asiachie, anashtuka haraka, na watu waliojaribu kumfanya punda wa kazi, wakiwemo Wajerumani hapa Afrika Mashariki, hawakufika mbali. Lakini mmoja mmoja wamezoezwa. Walter Rothschild, tajiri wa Kiingereza aliyependa wanyama, aliendesha gari la kukokotwa na punda milia mitaa ya London miaka ya 1890, akaenda nalo hadi ikulu ya Buckingham. Wale walikuwa mansueti, kila mmoja kwa nafsi yake. Watoto wao wangeanza upya, mwanzo kabisa, kwa kuukimbia mkono.